Kaskazini ya Kindu, Barabara Ina Magurudumu Mawili

Jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 132,000, zaidi ya nusu ya Uganda nzima. Mji wake mkuu ni Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba. Ukishuka na mto kuelekea kaskazini unafika Lokandu, mahali ambapo kwa mstari ulionyooka wa ramani hapazidi sana kilomita 50 kutoka Kindu. Penye lami, umbali huo ni safari ya saa moja ya basi. Huku umbali huo unaweza kula mchana kutwa, na mvua ikishika, msafiri hulala njiani. Tena msafiri huyo mara nyingi hayumo ndani ya gari: amepakatana na mizigo nyuma ya motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, juu ya pikipiki iliyotengenezwa India au China. Wengi, wakiwemo viongozi wetu, huiona safari ya namna hiyo kuwa shida ya muda, jambo la kuvumilia mpaka serikali ilete barabara ya kweli. Mimi naona wamekosea, na kosa hilo linawagharimu watu wa vijijini kila mwaka. Kaskazini ya Kindu pikipiki haishikilii nafasi ya kitu kingine kinachokuja. Ndiyo usafiri wenyewe, na itabaki hivyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo fedha na ujuzi wa ujenzi vielekezwe kwenye njia ambayo magurudumu mawili yanaipita leo.

Ili kuelewa hoja hii ni lazima kwanza kuifuata siku ya motari tangu inapoanza. Maniema iko karibu sana na ikweta, hivyo mchana wake ni wa saa 12 karibu mwaka mzima, na motari mwenye akili huuhesabu kama mali. Anawasha injini kabla jua halijatoka, maana jioni giza la msituni huingia ghafla na taa ya pikipiki haimwonyeshi shimo lililojaa maji. Mzigo umefungwa tangu jana kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye matairi ya ndani: chumvi, sabuni, vitenge, betri, dawa, madaftari ya wanafunzi. Juu ya mzigo anakaa abiria, pengine wawili, na mtoto katikati. Pikipiki za aina ya Boxer na TVS ziliundwa kubeba watu wawili mjini, lakini mafundi wa Kindu huzikaza springi za nyuma, huzichomelea keria ya chuma na kubadilisha spoki kwa zile nene. Petroli inanunuliwa kwa kadhafi, muuzaji wa kando ya njia, kwa chupa au kwa dumu, na kadiri unavyouacha mji ndivyo bei inavyopanda. Kwa hiyo motari anaondoka na akiba yake, na akiba hiyo nayo ni uzito.

Kinachofuata huwezi kukiita kuendesha kwa maana ya mjini. Saa nyingi zinakwenda katika kazi ya kupita vikwazo vidogo, kimoja baada ya kingine. Njia ambayo zamani ilikuwa ya malori imemezwa na majani pande zote mbili, ikabaki mstari mmoja mwembamba katikati, upana wa usukani. Penye bonde kuna potopoto, na wasafiri hushuka na kusukuma. Penye kijito kuna magogo mawili yaliyolazwa kwa urefu, yakiteleza kwa ukungu wa asubuhi, na motari huvuka akiwa ameshuka, injini ikinguruma, mguu wake mmoja juu ya gogo la pili. Penye mto mkubwa pikipiki huinuliwa na wanaume watatu wanne na kulazwa ndani ya mtumbwi, au kusimamishwa juu ya mbao zilizofungwa kwenye mitumbwi miwili. Mito ya namna hiyo haikosekani. Elila, Ulindi na Lowa yote inateremka kutoka milima ya Kivu na kumwaga maji yake Lualaba, kaskazini ya Kindu. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ikipungua katikati ya mwaka, kati ya Juni na Agosti. Mtu akikuambia safari ni ya kilomita kadhaa, hajakuambia lolote. Muulize ina vijito vingapi na lini mvua ilinyesha mara ya mwisho.

Sasa tazama nani mwingine yuko njiani. Wapo wanaosukuma kinga, baiskeli zilizopakiwa magunia mpaka mwenye nayo haonekani, wakitembea kando yake siku kadhaa. Wapo akina mama wenye vikapu vya mihogo mgongoni. Wapo mwalimu anayefuata mshahara mjini na muuguzi anayerudi na sanduku la chanjo lenye barafu. Msitu huu, ambao mgeni akiutazama kutoka kwenye ndege huuona kuwa bahari ya majani isiyo na mtu, ni nchi ya biashara ya zamani sana. Watafiti wawili wa Kijapani, Yuji Ankei na Takako Ankei, waliishi na Wasongola wa Lualaba tangu mwisho wa miaka ya 1970 na kuandika habari za masoko yao, ambako wavuvi wa mtoni walibadilishana samaki kwa mihogo na mazao mengine ya wakulima wa msituni, bidhaa kwa bidhaa. Soko la namna hiyo linahitaji njia zinazopitika na siku zinazojulikana. Palipo na soko pana mtandao wa njia, na mtandao huo haukuwahi kungoja gari. Mpunga unaosifika wa Maniema uliingia na misafara ya biashara ya Waungwana kutoka pwani ya mashariki katika karne ya 19, kwa miguu ya watu, pamoja na Kiswahili tunachokisema mpaka leo.

Historia ya Lokandu yenyewe inathibitisha kwamba kila zama huku zilikuwa na chombo chake. Mahali hapo palijulikana kwa jina la Riba-Riba wakati wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili. Mwaka 1892 wakala wa kampuni ya Kibelgiji, Arthur Hodister, aliuawa pamoja na wenzake katika eneo hilo alipojaribu kupenya biashara ya pembe za ndovu, na kifo chake kikawa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu. Waliposhinda, Wabelgiji hawakujenga barabara kwanza. Mwaka 1902 Édouard Empain alianzisha kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, na mpango wake ulikuwa kuunga vipande: reli pale mto unapokuwa na maporomoko, meli pale unapotulia. Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwaka 1910, na kati ya Kindu na Ubundu meli zilipita mtoni, mbele ya Lokandu. Mpango ule ulijengwa kwa unyonyaji na kwa kazi ya shuruti, na sina nia ya kuupamba. Lakini una somo moja la kiufundi ambalo tumelisahau: waliopanga waliitazama nchi jinsi ilivyo, wakauliza ni chombo gani kinaweza kupita, kisha wakatumia fedha kukitengenezea chombo hicho njia. Leo meli ni chache, treni husubiriwa kwa wiki, na chombo kinachopita kila siku ni pikipiki. Ila hakuna aliyeitengenezea njia.

Kuna hesabu ambayo kila mlipa kodi angepaswa kuijua. Mtandao wa barabara za Kongo huhesabiwa kuwa kilomita 152,400. Katika hizo, zaidi ya kilomita 86,000 ni barabara za mashambani, zile zinazoitwa za huduma ya kilimo, na sehemu kubwa yake haipitiki kwa gari. Barabara za lami nje ya miji ni kilomita elfu chache tu. Nchi ina mfuko wa kutunza barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na chanzo chake kikubwa ni tozo juu ya mafuta. Maana yake, motari anayetia petroli iliyopita kwenye njia halali analipia barabara kila lita. Analipa kama mwenye lori, lakini fedha inapogawanywa, miradi huandikwa kwa vipimo vya lori: upana wa mita kadhaa, madaraja ya kubeba tani nyingi, mitambo ya kusawazisha. Mradi wa namna hiyo ukipata fedha hufika kilomita chache, kisha husimama. Ng'ambo ya pale uliposimama, motari anaendelea kuvuka magogo aliyoyalaza mwenyewe.

Uzito nao una sheria yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Illinois nchini Marekani, wahandisi waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio na kugundua kwamba uharibifu unaosababishwa na ekseli hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli yenye uzito maradufu haiharibu mara mbili, huharibu kama mara 16. Jaribio lile lilihusu lami na zege, na udongo mwekundu wa Maniema baada ya mvua ni dhaifu kuliko hivyo. Ndiyo sababu Ofisi ya Barabara huweka vizuizi vya mvua, ili malori yasubiri njia ikauke. Lori moja lililozidishiwa mzigo likilazimisha kupita kwenye tope linaacha mifereji ya kimo cha goti, na mifereji hiyo hugeuka vijito. Pikipiki yenye mzigo wake wote, watu wawili na gunia, ukigawa uzito kwa magurudumu mawili, haifikii hata sehemu ya 30 ya ekseli ya lori zito. Njia ya upana wa mita moja na nusu, iliyoinuliwa katikati, yenye mitaro na madaraja ya mbao imara, inaweza kutunzwa kwa jembe na panga. Barabara ya lori inadai greda, na greda lenyewe linahitaji barabara ya kufikia.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, ni kwamba hoja hii inaipa serikali kisingizio. Mtu atasema: mnataka watu wa Lokandu na Punia waridhike na vinjia vya pikipiki wakati raia wengine wanapewa lami? Na pikipiki itabeba nini? Lori la tani 10 hubeba mzigo ambao ungehitaji pikipiki 100 zenye gunia la kilo 100 kila moja. Hesabu hiyo ni sahihi. Mchele wa Maniema hautafika kwenye masoko makubwa kwa bei nzuri juu ya pikipiki, na mimi sipingi kurekebishwa kwa barabara kuu zinazounga Kindu na Kisangani, Bukavu na Kasongo. Ninachokataa ni mpangilio unaosema kwanza lori, kisha wengine. Gunia halizaliwi kando ya barabara kuu. Linatoka kijiji kilicho kilomita 20 ndani, na katika kilomita hizo 20 hakuna lori litakalokuja hata barabara kuu ikiwa ya lami. Nchini Liberia, baada ya vita, baadhi ya njia za miguu ziliboreshwa ziwe njia za pikipiki, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea walipofuatilia matokeo waliona wakulima, wanawake hasa, wakifikia masoko na huduma ambazo awali waliziendea kwa miguu. Liberia ina misitu na mvua kama yetu, tena ina vita nyuma yake kama sisi. Njia ya pikipiki iliyojengwa vizuri haimzuii mtu kuipanua baadaye. Mfereji wa maji uliochimbwa kwa kipimo sahihi leo utaifaa barabara pana ya kesho.

Suala la nani atafanya kazi hiyo linahitaji uangalifu, kwa sababu katika Kongo utunzaji wa barabara una kumbukumbu chungu. Wakati wa Wabelgiji vijiji vilihamishwa kando ya barabara na wanaume wakalazimishwa kuzilima. Wakati wa Mobutu ilikuja salongo, kazi ya umma ya lazima isiyo na malipo. Mtu akisema leo kwamba wanakijiji watatunza njia yao wenyewe, bibi anayesikiliza ana haki ya kuuliza kama ni kazi ile ile ya lazima iliyorudi. Kwa hiyo sharti liwekwe wazi: kazi ya njia ni kazi ya mshahara. Muundo upo tayari. Kamati za kijiji za kutunza barabara, zile zinazofahamika kwa kifupi cha CLER, zimekuwa zikifanya kazi katika majimbo kadhaa, zikilipwa kwa kipande cha njia zinachokitunza. Hukwama fedha inapokatika. Kamati yenye kilomita 10 za njia nyembamba inahitaji majembe, mikokoteni ya mkono, misumari na malipo ya kila mwezi. Fedha hiyo ni ndogo mno mbele ya bei ya siku chache za greda na mafuta yake, nayo hubaki kijijini.

Pingamizi la pili ni la damu. Pikipiki huua, na anayeitetea bila kulisema hilo anawadanganya wasomaji. Helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwendeshaji anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, kwa mujibu wa mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008. Abiria wa vijijini, hata hivyo, mara nyingi hana helmeti kabisa. Lakini angalia ajali za msituni hutokea wapi: kwenye gogo linaloteleza, kwenye shimo lililofichwa na maji, kwenye mteremko usio na mtaro. Sehemu kubwa ya hatari hiyo imo ndani ya njia, na njia inarekebishika. Halafu pima na hatari ya upande wa pili, ile isiyoandikwa kwenye daftari la polisi. Mama mwenye uchungu uliokwama katika kijiji kisicho na gari ana saa chache tu. Huko Mangochi, Malawi, utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba pikipiki za wagonjwa zilipunguza ucheleweshaji wa kuwafikisha wajawazito hospitalini kwa saa 2 hadi 4 na nusu, na bei ya kununua moja ilikuwa karibu mara 19 chini ya ile ya gari la wagonjwa. Maniema ni mojawapo ya majimbo yanayopambana na malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ambao huanza kama homa ya kawaida na kumalizikia kwenye ubongo. Kuwapata wagonjwa mapema kunadai mhudumu mwenye vipimo afike kijijini kwao. Mhudumu huyo atafika kwa pikipiki au hatafika.

Wa tatu ni watetezi wa msitu, nao nawaheshimu kuliko wengine wote wanaopinga. Magharibi ya Lualaba, kwenye mto Lomami, ipo Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016, yenye eneo la kilomita za mraba zinazokaribia 8,900 katika majimbo ya Maniema na Tshopo. Ndiyo nchi ya lesula, tumbili aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2012 na timu ya John na Terese Hart ingawa wawindaji wa huko walimjua siku zote. Timu hiyo hiyo ilishuhudia mizigo ya nyama ya porini ikielekea Kindu juu ya kinga na pikipiki. Njia bora, watetezi hao wanasema, ni kifo cha tumbili. Sitajibu kwamba wamekosea. Nitajibu kwamba njia za nyama zipo tayari na hazikungoja mradi, na kwamba barabara pana ni mbaya zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu bonde la Kongo ulionyesha ukataji wa misitu ukiongezeka karibu na barabara, hasa za Kongo yetu. Njia ya pikipiki haipitishi lori la magogo. Lakini iwepo mipaka: njia zisijengwe kuelekea ndani ya hifadhi, na kwenye vivuko vichache vilivyo lazima, walinzi wakague mizigo. Mlinzi mwenyewe, tusisahau, naye hupanda pikipiki.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mhandisi atakayelitatua. Njiani motari hukutana na bariera: kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, au mwanzi uliolazwa, na nyuma yake mtu mwenye sare au asiye nayo anayetaka franka. Katika Kivu zote mbili, majirani zetu, shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu vizuizi 798 katika ripoti yake ya mwaka 2017. Njia ikipitika, kishawishi cha kuweka kamba kitaongezeka, na malipo hayo yatahamia kwenye bei ya chumvi ya Lokandu. Kwa hiyo kila fedha ya njia iandamane na amri inayotekelezwa: tozo halali zibandikwe ubaoni penye kila kizuizi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kila kizuizi kisicho na ubao kiondolewe.

Wabunge wa jimbo wanaoketi Kindu hupitisha bajeti kila mwaka. Mwananchi wa Kailo, Punia au Lubutu atakayekutana na mbunge wake kabla ya bajeti ijayo amuulize swali moja: ni vivuko vingapi na madaraja mangapi ya mbao ya pikipiki yameandikwa humo, kwenye njia zipi, na nani atalipwa kuyatunza. Asikubali jibu la barabara kubwa inayokuja. Adai majina ya mito.